Thredi za magari ya zamani ya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari na fundi wake: wale wanaofufua Land Rover Series, Morris Minor, Austin, Bedford, MG, au pikipiki za BSA, Norton na Triumph. Maswali mengi yanayotufikia yana chanzo kimoja: thredi, yaani meno ya bolti na nati, zisizolingana. Bolti mpya inaingia mizunguko miwili, mitatu, halafu inagoma. Ikigoma, usiilazimishe. Bolti inanunulika, tundu lililokatwa kwenye bloku au giaboksi ya miaka 60 iliyopita halina duka.

Kwa nini gari moja lina thredi za aina tatu au nne?

Kwa sababu Uingereza ilibadili viwango vyake mara kadhaa, na viwanda havikuhama vyote siku moja.

Mwanzo wa yote ni Joseph Whitworth, mhandisi aliyekuwa na karakana yake Manchester. Kabla yake kila karakana ilikata thredi kwa mtindo wake, na nati ya kwa fulani haikuingia kwenye bolti ya jirani. Whitworth alikusanya bolti za karakana nyingi, akatafuta wastani wake, na mwaka 1841 akapendekeza kiwango kimoja kwa wote: pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino, na ncha za meno pamoja na mabonde yake viwe vya mviringo. Kampuni za reli zikakipokea. Hicho ndicho BSW, ambacho mafundi wengi hukiita Whitworth tu.

Meno ya BSW ni mapana. Yanashika vizuri kwenye chuma cha kusubu na kwenye aluminiamu, lakini mtikisiko wa gari huyalegeza. Ndiyo maana mwaka 1908 ikaja BSF, yenye pembe ileile ya digrii 55 na meno membamba zaidi. Skrubu ndogo za umeme na za vyombo zilikuwa tayari na kiwango chao tangu 1884, yaani BA, chenye pembe ya digrii 47.5 na vipimo vilivyojengwa juu ya milimita ingawa ni cha Kiingereza. Waunda baiskeli nao walijiwekea thredi yao mwaka 1902, CEI, ya digrii 60, na pikipiki zikairithi.

Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha gharama ya mambo haya. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipopewa kazi ya kuunda injini ya ndege ya Rolls-Royce Merlin, ilibidi ikate thredi za Kiingereza zilezile, na ikalazimika kujitengenezea tapu zake yenyewe, yaani vifaa vya kukatia thredi ndani ya tundu. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana juu ya thredi ya pamoja, Unified, ya digrii 60: UNC kwa meno mapana, UNF kwa membamba.

Hapo ndipo mchanganyiko ulipoingia kwenye magari yetu. Kiwanda kilipobuni injini mpya miaka ya 1950 kiliikata kwa UNF, huku giaboksi ya muundo wa zamani ikiendelea na BSF na BSW, na dainamo ikija na skrubu zake za BA. Mwaka 1965 shirika la viwango la Uingereza lilitangaza kwamba Whitworth, BSF na BA zihesabiwe zimepitwa na wakati, na milimita iwe chaguo la kwanza. Kwa hiyo ukikuta familia tatu ndani ya gari la 1962, hakuna fundi aliyekosea. Lilitoka kiwandani hivyo.

Nina bolti mkononi na sijui ni ya aina gani. Nianzie wapi?

Pima vitu vitatu kwa mpangilio huu: unene, idadi ya meno, kisha pembe.

Unene unapimwa kwa vernia (kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu ndogo za milimita) juu ya meno, si kwenye shingo. Bolti iliyotumika husoma pungufu kidogo, hivyo ya inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.53, inaweza kukupa 9.4. Vipimo vya kukumbuka ni hivi: inchi 1/4 ni milimita 6.35, 5/16 ni 7.94, 3/8 ni 9.53, 7/16 ni 11.11, na 1/2 ni 12.7. Ukipata 6.0 kamili au 10.0 kamili, fikiria milimita, au BA ikiwa skrubu ni ndogo.

Idadi ya meno inahesabiwa kwa inchi moja. Geji ya thredi ndiyo njia ya uhakika, na nunua iliyo na vibati vya Whitworth pamoja na vya Unified, maana nyingi zinazouzwa madukani ni za milimita peke yake. Huna geji? Weka rula ya inchi juu ya bolti na uhesabu meno ndani ya nusu inchi, kisha zidisha kwa mbili. Bolti ikiwa fupi, ibingirishe kwenye karatasi huku umeikandamiza. Alama zinazobaki ni rahisi kuhesabu kuliko bolti yenyewe.

Pembe ndiyo ngumu kwa jicho. Kibati cha digrii 55 kikikaa ndani ya meno ya digrii 60, ukikinyanyua dhidi ya mwanga utaona ufa mwembamba. Angalia na ncha za meno: za Whitworth na BSF ambazo hazijachakaa zina mviringo, za Unified na za milimita zina ubapa. Kwa bahati njema, mara nyingi unene na idadi ya meno vinatosha kumaliza ubishi kabla hujafika kwenye pembe.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote. Tafuta bolti unayoijua kwa hakika, ilaze ubavuni mwa ile usiyoijua, meno kwa meno, kisha uziinue zote mbili kwenye mwanga. Kama zinalingana, meno yanafumbana urefu wote bila mwanga kupita. Kama ni 26 dhidi ya 28, utaona zinaachana baada ya meno machache. Kila fundi wa magari haya anapaswa kuwa na ubao wenye bolti moja moja ya kila saizi, imeandikwa jina pembeni.

Idadi ya meno kwa kila saizi ni ipi?

Hizi ndizo zinazokutwa zaidi kwenye gari. Nakili ubandike ukutani gereji.

BSW: 1/4 meno 20, 5/16 meno 18, 3/8 meno 16, 7/16 meno 14, 1/2 meno 12.

BSF: 1/4 meno 26, 5/16 meno 22, 3/8 meno 20, 7/16 meno 18, 1/2 meno 16.

UNC: 1/4 meno 20, 5/16 meno 18, 3/8 meno 16, 7/16 meno 14, 1/2 meno 13.

UNF: 1/4 meno 28, 5/16 meno 24, 3/8 meno 24, 7/16 meno 20, 1/2 meno 20.

CEI ya pikipiki: meno 26 kwa saizi nyingi, na meno 20 kwenye baadhi ya sehemu kubwa.

Tazama BSW na UNC. Zinafanana kote isipokuwa kwenye 1/2, ambako moja ina meno 12 na nyingine 13. Nati ya UNC itaingia kwenye bolti ya BSW ya 3/8 kwa mkono bila shida, lakini pembe hazilingani, hivyo meno yanagusana sehemu ndogo tu. Kwa kushikilia kibao cha namba hakuna neno. Kwa kushikilia usukani, usifanye.

Tazama pia 1/4 BSF na 1/4 CEI: zote meno 26, tofauti ni pembe. Hii imewasumbua sana watu wa pikipiki.

Spana ya 13 inakaa kwenye kichwa. Si basi ni bolti ya milimita?

Hapana. Spana inakupa fununu tu. Haikuambii thredi.

Kwanza elewa jinsi spana zinavyoandikwa. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa. Ndiyo maana spana iliyoandikwa 1/4 W ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia: mdomo wake ni inchi 0.525, karibu milimita 13.3. Spana ya AF, ile ya bolti za Unified, huandikwa upana wa mdomo wenyewe, kama zilivyo za milimita.

Pili, vichwa vya BSF ni vidogo kwa hatua moja kuliko vya BSW ya zamani yenye unene uleule. Kwa hiyo spana ya 1/4 W inafungua bolti ya 1/4 BSW ya kale na ya 5/16 BSF. Wakati wa vita vichwa vya BSW navyo vilipunguzwa vikalingana na vya BSF ili kuokoa chuma, hivyo bolti mbili za Whitworth zenye unene mmoja zinaweza kutaka spana mbili tofauti.

Pima kichwa kwa vernia, usikisie. Upande wa Whitworth na BSF: 3/16 W ni milimita 11.3, 1/4 W ni 13.3, 5/16 W ni 15.2, 3/8 W ni 18.0, 7/16 W ni 20.8, 1/2 W ni 23.4. Upande wa AF: 7/16 ni milimita 11.1; 1/2 ni 12.7, 9/16 ni 14.3, 5/8 ni 15.9, 3/4 ni 19.05.

Kichwa cha milimita 12.7 kwenye bolti ya unene wa 5/16 ni Unified. Kichwa cha 13.3 kwenye unene huohuo ni BSF. Spana ya 13 inalegalega kwenye cha kwanza na haiingii kwenye cha pili mpaka kiwe kimeshaliwa kona. Vichwa vya mviringo tunavyovikuta kwenye Land Rover za zamani vingi viliharibiwa kwa namna hiyo, na spana malaya ikamalizia kazi. Seti moja ya soketi za Whitworth na moja ya AF ni ununuzi wa kwanza kabla ya rangi na kabla ya viti.

Kuna alama zozote kichwani zinazosaidia?

Zipo. Bolti za Unified za Kiingereza mara nyingi zina duara lililochimbwa juu ya kichwa, au vijiduara vilivyounganika kama mnyororo kwenye ubavu. Nati zake zina mnyororo huohuo au mfereji uliokerezwa upande mmoja. Ukiona mnyororo, weka BSF pembeni.

Mistari mitatu iliyotawanyika toka katikati ya kichwa ni bolti ya daraja la 5 la Kimarekani, na mistari sita ni daraja la 8. Namba kama 8.8 au 10.9 ni milimita. Herufi R, S, T au V zinaeleza nguvu ya chuma, hazielezi aina ya thredi. Kichwa kisicho na alama yoyote kwenye gari la kabla ya 1955 kina uwezekano mkubwa wa kuwa BSF au BSW, lakini hesabu meno kabla hujafikia uamuzi.

Gari langu ni la miaka hii. Nitarajie nini?

Land Rover Series I, iliyotengenezwa 1948 hadi 1958, ni gari la BSF na BSW kwa sehemu kubwa, na bodi yake ina skrubu nyingi za 2BA. Series II ya 1958 na IIA ya 1961 ndizo za mchanganyiko: injini ya lita 2.25 ina UNF nyingi, huku giaboksi na ekseli vikibaki na thredi za zamani sehemu nyingi. Series III, kuanzia 1971, inaegemea zaidi UNF. Magari haya yalifanya kazi Afrika Mashariki kwa polisi, hifadhi za wanyama, misheni na mashamba, yakatengenezwa porini kwa bolti iliyokuwepo. Kwa hiyo hapa kwetu mwaka wa gari ni dokezo la kwanza tu. Kila tundu lipimwe lenyewe.

Morris Minor ilianza 1948 na injini ya Morris ya vali za ubavuni. Kuanzia 1952 ikaanza kupewa injini ya A-Series kutoka Austin, na ukiwa nayo hiyo tarajia UNF na UNC. Mini ya 1959 na MGA ya 1955 ni za Unified. Pikipiki za BSA na Triumph zilishikilia CEI hadi karibu mwisho wa miaka ya 1960, kisha zikahamia UNF kidogo kidogo, injini na fremu si lazima kwa pamoja.

Nina MG ya T. Bolti ya injini ina kichwa cha Whitworth lakini meno hayalingani na jedwali lolote. Kulikoni?

Hapa pana historia nzuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Hotchkiss, kampuni ya silaha ya Ufaransa, ilifungua kiwanda Coventry na kuleta mashine zake za milimita. Vita vilipokwisha kiwanda hicho kikawa kinamtengenezea Morris injini, na mwaka 1923 Morris akakinunua. Mashine zilikuwa bado nzima, basi injini za Morris zikaendelea kukatwa thredi za milimita za Kifaransa. Lakini wenye magari Uingereza walikuwa na spana za Whitworth kwenye masanduku yao, hivyo vichwa vikaachwa vya Whitworth.

Injini za MG TA hadi TF, iliyofikia 1955, zimo katika ukoo huu, zikiwemo zile zinazojulikana kama XPAG. Saizi za kawaida ni milimita 6 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino, kwa milimita) ya 1.0, milimita 8 yenye hatua ya 1.0, na milimita 10 yenye hatua ya 1.5. Ya 6 na ya 10 zinalingana na za dukani. Ya 8 ndiyo mtego: bolti ya 8 inayouzwa kila mahali leo ina hatua ya 1.25 na itaharibu tundu. Agiza 8 yenye hatua ya 1.0, utapata. Ukitaka kichwa cha asili, wauzaji wa spea za MG za T wanazo zenye kichwa cha Whitworth.

Skrubu ndogo za dainamo, swichi na dashibodi ni za aina gani?

Karibu zote ni BA, hata kwenye magari ambayo mwili mzima ni UNF. Vifaa vya umeme vya Lucas na mita za Smiths viliendelea na BA muda mrefu baada ya 1948. Namba ikipanda, skrubu inapungua: 0BA ni milimita 6.0, 2BA ni 4.7, 4BA ni 3.6, 6BA ni 2.8. Saizi za namba shufwa ndizo zilizotumika zaidi.

2BA ina hatua ya milimita 0.81, na skrubu ya milimita 5 ina hatua ya 0.8. Kwa sababu hiyo fundi asiyejua huona ya 5 "inakaribia" akaisukuma kwa nguvu. Inaingia kweli, na 2BA halisi haitashika tena humo. Seti ndogo ya 2BA na 4BA, skrubu na nati, si ghali na haina uzito. Iagizwe mara moja, ikae kwenye kopo.

Je, nikipitisha tapu ya milimita nikamaliza tatizo kuna ubaya gani?

Ubaya upo wa aina tatu. Tundu la 3/8 lina upana wa milimita 9.53; ukilikata kuwa 10 unaondoa meno mazima ya asili na kubakiza meno nusu, maana mabonde ya zamani bado yapo chini yake. Pili, nyama ya chuma kando ya tundu haikupangiwa upana mpya, hasa kwenye giaboksi za aluminiamu. Tatu, atakayefungua gari hilo baada yako atakuta bolti tisa za inchi na moja ya milimita, na akizichanganya atapasua kitu.

Msimamo wetu ni kwamba thredi ya kiwandani ibaki. Gari la 1955 limefika mikononi mwako likiwa na kumbukumbu ya kiwanda kilicholiunda, na thredi ni sehemu ya kumbukumbu hiyo kama ilivyo rangi na namba ya chasisi.

Tundu limeshakufa meno. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha limekufa kweli. Mara nyingi ni kutu, rangi na uchafu. Safisha kwa mafuta ya kulegeza kutu na upitishe tapu ya aina ileile kwa mkono, robo mzunguko mbele, robo nyuma, bila haraka. Tapu isiyo ya aina ile itakata, haitasafisha.

Meno yakiwa yameng'oka, weka koili ya chuma, ile inayojulikana kwa jina la Helicoil. Tundu linatobolewa pana kidogo, linakatwa thredi maalumu, kisha koili inakaa ndani na kurudisha saizi ya awali. Seti za BSW, BSF na BA zipo pamoja na za UNF. Kwenye aluminiamu matokeo huwa na nguvu kuliko thredi ya awali, na bolti ya asili inarudi mahali pake.

Ukiwa huna uhakika tundu ni la aina gani na bolti yake haipo, chonga kijiti cha mti laini kinachobana kidogo, kizungushe ndani kwa mkono, kitoe, uhesabu alama za meno.

Viungo vya bomba za breki navyo ni hivihivi?

Hapa tunaomba umakini wa pekee, kwa sababu kosa lake hulioni mpaka siku ya mteremko. Kwenye magari haya utakuta viungo vya 3/8 BSF vyenye meno 20, vya 3/8 UNF vyenye meno 24, na kwenye vipuri vya kisasa vya milimita 10 vyenye hatua ya 1.0, ambayo ni meno 25.4 kwa inchi. Kiungo cha 3/8 UNF ni chembamba kuliko tundu la milimita 10 na hatua zake zinakaribiana, basi kinaingia, kinabana, na kinaonekana kimekaa. Kimeshika kwa ncha za meno tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu kinaweza kuchomoka.

Silinda kuu ikibadilishwa, au silinda ya gurudumu, pima kila kiungo upya hata kama muuzaji amesema ni ya gari hilohilo. Angalia pia umbo la mdomo wa bomba, kwani mdomo usiolingana na kikalio chake unavuja hata thredi ikiwa sahihi. Na viungo vya breki visikerezwe mtaani.

Nati ya gurudumu haifunguki hata kwa bomba refu. Kuna siri?

Inawezekana unaikaza. Malori mengi ya Kiingereza, Bedford yakiwemo, yana thredi za kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto, na zinafunguka kwa kuzungusha kuelekea kunakokaza nati ya kawaida. Tafuta herufi L kwenye ncha ya bolti au usoni mwa nati.

Magari ya michezo yenye magurudumu ya spoki na nati moja kubwa ya katikati ni kinyume chake: thredi ya kushoto iko upande wa kulia wa gari. Mara nyingi nati hiyo imeandikwa upande wa kufungulia. Magurudumu hayo yakirudishiwa upande usio wake, nati hujifungua yenyewe gari likitembea.

Bolti mpya iwe na nguvu kiasi gani? Na zile zisizoshika kutu zinafaa?

Herufi za Kiingereza zinahesabiwa kwa tani kwa inchi ya mraba: R ni 45, S ni 50, T ni 55, V ni 65. Bolti ya milimita ya 8.8 iko karibu na tani 52, hivyo 8.8 inakaa kati ya S na T. Rudisha nguvu ileile au ya juu yake kidogo. Kwenye kokendi, usukani, breki, springi na mikono ya ekseli usishuke hata hatua moja.

Bolti za chuma kisichoshika kutu za aina ya A2-70 ziko sawa na R, karibu tani 45. Zinapendeza kwenye bodi, lakini hazistahili kwenye breki na usukani, na meno yake hupenda kung'ang'aniana zikikazwa kavu. Jambo jingine kwa watu wa pwani: bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na grisi kidogo, kinatunza bodi vizuri zaidi.

Nitazipata wapi?

UNF na UNC ndizo rahisi. Mashine za Kimarekani na matrekta yamezifanya ziwepo kwenye maduka makubwa ya bolti Dar es Salaam na Nairobi. Ukiingia Gerezani au Kirinyaga Road, nenda na bolti yako mkononi na geji mfukoni, maana ukisema "ya inchi" utapewa UNC. BSW nayo hutokea, hasa kwenye mizigo ya kutoka India, ambako bado inatengenezwa.

BSF, BA na CEI ni za kuagiza. Uingereza wapo wauzaji wanaoshughulika na thredi hizi peke yake, na wanauza kwa mafungu madogo. Vilabu vya wenye magari, kama Land Rover Series One Club au Morris Minor Owners Club, vinajua nani anauza bidhaa bora. Mwenye ndugu Uingereza amwombe apite kwenye gulio la vipuri la Beaulieu huko Hampshire, linalofanyika tangu 1967. Kopo la bolti za zamani ambazo hazijatumika bado hupatikana huko, na chuma chake mara nyingi ni kizuri.

Usidharau chuma chakavu. Giaboksi iliyokufa ya Series II ni ghala la BSF, na mwenye nayo atakuuzia kwa kilo. Fungua kila bolti taratibu, panga kwa saizi, tupa zilizovutika shingo.

Mkerezaji mzuri anaweza kukukatia bolti ya pekee isiyopatikana kokote. Mpe chuma cha maana, mfano aloi ya EN16, wala asichukue nondo, na mwonyeshe digrii 55 kwa maandishi, kwani kisu chake cha kila siku kimenolewa kwa digrii 60. Kazi hiyo ifae mabano, mifuniko na bodi. Bolti za kiwandani thredi zake zimebanwa kwa rola, hazikukatwa kwa kisu, na ndiyo sababu zinastahimili zaidi mahali pa hatari.

Oda niiandikeje ili nisiletewe kitu kingine?

Andika unene, aina, urefu, nguvu, kisha umbo. Mfano: 3/8 BSF, urefu inchi 1 na 1/4, daraja R, kichwa cha pembe sita, chuma kilichopakwa zinki. Urefu unapimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, isipokuwa skrubu za kichwa cha kuzama, ambazo hupimwa pamoja na kichwa. Taja kama unataka yenye shingo laini au yenye thredi mwili mzima. Wauzaji wa Uingereza huiita ya kwanza bolt na ya pili setscrew, na watakuletea ulichoandika.

Stadi, yaani bolti zisizo na kichwa zenye thredi ncha zote mbili, zinahitaji maelezo ya kila ncha. Mara nyingi ncha inayoingia kwenye aluminiamu au chuma cha kusubu ni ya meno mapana, BSW au UNC, na ile ya nati ni membamba, BSF au UNF. Taja urefu wa thredi kila upande.

Fundi aliyepita amebadilisha matundu kadhaa kuwa ya milimita. Nirudishe yote?

Anza na yale ya usalama: breki, usukani, springi, magurudumu. Hayo yarudishwe kwa koili, na pale ambapo nyama ya chuma haitoshi, badilisha kipande kizima. Ya bodi na mabano yanaweza kusubiri siku utakapofungua sehemu hiyo kwa sababu nyingine. Wakati huohuo yawekee alama ya rangi pembeni, na uandike kwenye daftari la gari tundu lipi limekatwa saizi gani, ili anayefungua mwezi ujao aanze na spana sahihi.